Kugombea bodi ya ushirika wa umeme: anza na mkataba

Dada, umeuliza kama mtu wa kawaida tu anaweza kugombea bodi ya ushirika wa umeme huko Colorado kwa ajenda ya umeme wa jua wa bei nafuu. Anaweza. Kwa kawaida bili ikiwa kwa jina lako, wewe ni mwanachama, na kura yako ni sawa na ya mwenye ranchi.

Ila kabla ya vipeperushi, ulizia mkataba wa kununua umeme. Mambo yamefungwa humo. Vyama vya Tri-State, muuzaji wa umeme wa jumla kwa vyama vya ushirika, kwa mfano, viliruhusiwa kujizalishia asilimia 5 tu ya umeme wao. Ushirika wa Kit Carson wa Taos, New Mexico, ulijitoa Tri-State 2016 kwa ada ya dola milioni 37, na 2022 ukatangaza kuwa jua linatosheleza mahitaji yake ya mchana. Nenda na hoja hiyo.

Soma pia katiba ya ushirika: ili kugombea unahitaji sahihi ngapi, na mwisho lini. Wapiga kura huwa wachache mno, kwa hiyo mabango ni kupoteza hela. Bisha hodi. Bibi anayelalamikia bili ya Januari usimwanzie tabianchi. Mwulize kalipa ngapi.