Maswali yenu ya bustani: kaktasi nje wakati wa baridi

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina kaktasi kwenye vyungu, baridi ya huku sio kali sana, theluji hatuioni, ila kuna usiku mmoja mmoja sakitu inashuka asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe. Ndani sina nafasi. Nikiziacha nje zitapona? Na nizifunike na nini?

JIBU: Marahaba. Nyingi zitapona, ila habari ya kufunika iweke pembeni kwanza, manake kinachoua kaktasi wakati wa baridi mara nyingi ni maji. Kaktasi iliyokaa kavu wiki kadhaa inasinyaa, utomvu wake unakuwa mzito na utomvu mzito haugandi upesi, lakini ile uliyoinywesha juzi imejaa maji na yakiganda yanatanuka yanapasua mmea kwa ndani, baada ya siku chache inalainika na ndo basi tena. Kwa hiyo acha kumwagilia mapema, usisubiri mpaka sakitu ianze. Na mvua nayo ni maji jamani! Mtu anaacha kumwagilia halafu chungu kinanyeshewa mwezi mzima. Weka bati la plastiki linalopitisha mwanga kwa juu, pembeni acha wazi upepo upite, ukiziba kote unyevu unabaki humo humo na ukungu unaanza. Vyungu vinyanyue juu ya matofali, na udongo wake uwe angalau nusu changarawe.

Hapo sasa ndo uangalie sehemu. Ukuta unaopigwa na jua mchana ni mzuri sana kwasababu joto linalobaki ukutani linatoka taratibu usiku, ila pale bondeni kwenye bustani usiweke, hewa ya baridi inashuka na kutuama huko. Usiku wa kuogopa ni ule wa anga jeupe, hamna wingu hamna upepo, huo ndo unatandika kitambaa chepesi na asubuhi unakitoa. Nailoni isiguse mmea, inapogusa ndo panapoganda. Kule Arizona watu wanazivisha kaktasi ndefu vikombe vya stairofomu kichwani, kwasababu ncha ndo inayokua na ndo inayoungua kwanza na baridi. Inachekesha kuiona ila inasaidia.

SWALI: Zipi nisithubutu kabisa kuziacha nje?

JIBU: Melocactus, ile yenye kofia nyekundu kichwani, hiyo ingiza ndani bila kujadiliana. Halafu zile za rangi nyekundu au njano zilizobebeshwa juu ya shina la kijani la pembe tatu, watu wanahangaika na kile kichwa cha rangi wakati dhaifu ni lile shina, ni la Hylocereus, jamii ya tunda la dragoni, mmea wa nchi za joto na baridi hauiwezi. Kaktasi ya Krismasi nayo ingiza, asili yake ni misitu ya milima ya Brazil, jangwa haijui. Ila Cleistocactus strausii ya milima ya Bolivia na Argentina ikiwa kavu inastahimili vizuri tu, na Opuntia fragilis inaota porini mpaka Kanada, hiyo wala usiionee huruma.

SWALI: Yangu imekunjamana inatia huruma, niipe maji kidogo tu?

JIBU: Hapana. Ibonyeze kwa kijiti, ikiwa ngumu iko salama, imelala tu. Ikiwa laini na nyeusi kwa chini imeshaoza na maji ndo yataimaliza. Tena kaktasi aina ya Rebutia bila hayo mapumziko ya baridi na ukavu maua utayasikia kwa wenzako.

SWALI: Sakitu imeshaipiga, ncha imekauka na kuwa kahawia. Nikate sasa hivi?

JIBU: Kama pamekauka tu, subiri joto lirudi, kidonda kwenye baridi na unyevu hakikauki. Kama ni laini na panaendelea kuenea hapo usisubiri, kata mpaka uone nyama safi isiyo na doa hata moja, pakaa unga wa salfa, usiimwagilie. Ncha ikifa mara nyingi machipukizi yanatoka ubavuni. Joto likirudi anza na maji kidogo, na jua kali la mchana ilizoee taratibu, ikitoka chini ya kitambaa moja kwa moja kwenye jua inaungua, na lile doa halifutiki.