Maswali ya Wasomaji: Umakini Unapogoma

Swali: Mhariri, shikamoo. Mimi ni karani wa mizani kwenye chama chetu cha ushirika, Tandahimba. Msimu wa korosho ukishika kasi, naandika kilo za mtu mmoja kwenye jina la mwingine. Naambiwa niwe makini. Niwe makini vipi zaidi ya hapa?

Jibu: Marahaba. Kusema "kuwa makini" ni kazi nyepesi kwa aliyekaa kivulini. Mwaka 1958 Donald Broadbent, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza kuwa akili ina chujio: sauti zote hufika sikioni, lakini moja tu hupewa nafasi. Mwaka uliofuata Neville Moray akaonyesha kuwa chujio hilo linavuja. Watu walipewa maneno ya kufuatilia kwa sikio moja, na takriban theluthi moja yao walilisikia jina lao likitajwa kwenye sikio la pili, ambalo hawakutakiwa kulisikiliza. Baadaye Anne Treisman akaeleza kuwa sauti zisizotakiwa hupunguzwa nguvu tu, hazizimwi. Ndiyo maana foleni nzima ikipiga kelele unavumilia, ila mmoja akikuita kwa jina, kilo zinaruka.

Tena unabeba mengi kichwani. Nelson Cowan (2001) anakadiria kuwa tunashika vitu vinne hivi kwa wakati mmoja. Jina la mkulima, namba ya gunia, daraja na kilo: nafasi imejaa, na anayekuita anadondosha kimojawapo. Kwa hiyo andika jina, namba na daraja kabla gunia halijapanda mizani, ibaki kilo peke yake. Anayesoma mizani atamke tarakimu mojamoja: "saba, nane, nukta, nne." Wewe rudia kwa sauti huku ukiandika, na gunia lisishuke kabla hujamaliza kurudia. Ukikatizwa katikati, usijazie kwa kumbukumbu. Pima upya. Wanaopanga foleni watanung'unika, waache wanung'unike.

Swali: Tunachambua korosho zilizobanguliwa, hapa Mtwara. Asubuhi tunaziona mbovu zote, baadaye zinapita mbele ya macho yetu. Ni uchovu?

Jibu: Dada, uchovu upo, lakini si peke yake. Norman Mackworth (1948) aliwakalisha watu saa mbili wakitazama mshale unaopiga hatua kama wa saa, ambao mara chache uliruka hatua mbili kwa mpigo. Baada ya nusu saa ya kwanza tu walianza kuikosa miruko hiyo zaidi kuliko mwanzoni. Waliopokezana kila nusu saa hawakuporomoka hivyo. Basi badilishaneni kazi kila dakika 30: mchambuaji ahamie kufungasha, mfungashaji akae kwenye meza.

Jambo la pili watu hawalitarajii: mbovu zikiwa chache, ndivyo zinavyokosekana zaidi. Jeremy Wolfe na wenzake (2005) waliwapa watu kazi ya kutafuta kitu kwenye picha. Kilipokuwepo katika nusu ya picha, walikikosa kwa asilimia 7. Kilipokuwepo katika asilimia 1 tu, walikikosa kwa asilimia 30, kwa sababu walizoea kujibu "hakuna" haraka. Msimamizi achanganye kwenye trei punje 10 zenye madoa au tundu za wadudu, alizozihesabu mwenyewe, na mwishoni aseme palepale zimeonekana ngapi. Zisipotimia 10, trei irudiwe hadi zitoke zote, la sivyo zitaingia kwenye katoni.

Swali: Naendesha bodaboda Lindi mjini. Nikiongea kwa spika za masikioni, mikono iko huru. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, kijana wetu. David Strayer na William Johnston (2001) walikuta kuwa waliokuwa wakizungumza kwa simu, kwenye majaribio ya kuigiza udereva, walikosa taa nyekundu zaidi ya mara mbili kuliko wasiozungumza, na kuishika simu au kutoishika hakukuleta tofauti. Kusikiliza redio hakukuwa na madhara hayo. Kinachokula umakini ni mazungumzo yenyewe. Abiria aliye nyuma yako anaona lori linakuja, ananyamaza. Anayekupigia kutoka Nachingwea halioni, anaendelea kukuuliza bei ya ufuta.