Usikisugue: Namna ya Kukitambua Chuma cha Kale Ulichokifukua

Detekta ya kutafutia madini imelia, umechimba shibiri moja, umetoa donge zito lenye kutu. Mkono unakimbilia msasa au ndimu. Uzuie. Ndimu hula shaba pamoja na kutu yake, na msasa hufuta maandishi yaliyobaki membamba kama unywele. Maji baridi, mswaki laini na kijiti cha mwanzi vinatosha. Kama ni chuma kilichotoka ufukweni, Mikindani au Kilwa Masoko, usikianike: chumvi iliyomo ndani ikikauka hukipasua tabaka kwa tabaka. Kilaze kwenye ndoo ya maji yasiyo na chumvi, ubadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu kwa wiki kadhaa.

Usiulize bado ni kitu gani. Uliza ni madini gani. Sumaku ya spika mbovu itakutengea chuma, ingawa chuma kilichokwisha kuwa kutu tupu hushikwa kwa unyonge. Kutu ya kijani ni ya shaba, unga mweupe juu ya kitu kizito laini mara nyingi ni risasi (chubwi za wavuvi zimejaa pwani yote). Rangi ya manjano ndiyo inayowatia watu wazimu, na hapo mizani ya jikoni ya dijitali inamaliza ubishi.

Pima kitu kikiwa kikavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na ukining'inize kitu kwa uzi ndani ya maji kizame chote bila kugusa chini wala kingo. Namba inayosomeka ni ujazo wake. Gawa uzito kwa ujazo. Kitu cha gramu 168 kinachosoma 20 majini kinatoa 8.4, yaani shaba ya manjano, si dhahabu. Dhahabu safi ni 19.3, risasi 11.3, fedha 10.5, shaba nyekundu 8.9, chuma 7.8, aluminiamu 2.7. Jibu likiwa chini kuliko ulivyotarajia, kuna uwazi ndani, mapovu yamegandia au kutu ni nene. Kitu cha chini ya gramu 5 usikipime hivi, labda mizani yako isome sehemu za gramu.

Sasa mazingira. Msumari mnene wenye kichwa kilichopinda upande mmoja, ukipatikana kwenye njia ya Mtwara hadi Nachingwea, ni wa reli ya mradi wa karanga wa Waingereza wakati wa ukoloni, iliyofungwa 1962. Donge jeusi lenye vitundu kama sifongo ni mavi ya chuma, masalia ya wafua chuma. Mahiwa, mkoani Lindi, walipopigana Waingereza na Wajerumani Oktoba 1917, utakuta maganda ya risasi: lenye ukingo uliotokeza kitakoni, urefu wa milimita 56, ni la bunduki ya .303 ya Mwingereza. Lisilo na ukingo huo, milimita 57, ni la Mauser ya Mjerumani. Ganda ambalo risasi yake bado imo usilipashe moto wala kulibana kwa koleo. Na umbo la chupa nene ya chuma, au kitu chenye pezi, huenda ni bomu, usikifukue: weka alama kando, ondoka, ita polisi.

Kisarafu cha shaba chenye Kiarabu pande zote mbili, maneno yakiwa na vina, huenda ni cha masultani wa Kilwa. Hapo mchezo umekwisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimbua magofu bila leseni ni kosa. Anayekuja kununua kwa kilo kama skrepa anajua hilo vizuri kuliko anavyokuonyesha.

Ukitaka msaada wa mjuzi, piga picha juu, chini na ubavuni, kwa jua la asubuhi linalotoka upande ili maandishi yatupe kivuli. Weka rula pembeni, si kidole. Andika uzito, kina ulichochimba na aina ya udongo, na uzito uwe wa kabla ya kukipaka mafuta ya aina yoyote.