Kwenye majarida ya uvuvi hakuna anayerudi mikono mitupu

Nina maboksi mawili yamejaa majarida ya uvuvi wa ndoano, mengine yalishaloa kurasa zikagandana, na mwezi uliopita nikafanya kitu ambacho ningetakiwa kukifanya zamani sana. Nilichukua penseli, nikachagua makala moja ya kurasa nne kuhusu kuvua bass, yule samaki wa mabwawa na maziwa, msimu wa joto, nikajiambia napiga mstari chini ya kila sentensi ambayo kesho naweza kwenda nayo majini ikanisaidia. Sio sentensi tamu, sentensi ya kazi tu.

Nikamaliza, nikahesabu, ziko tatu. Kurasa nne, picha sita, sentensi tatu, na moja kati ya hizo inaniambia nivue alfajiri na jioni, kitu ambacho hata aliyeshika mshipi jana anakijua.

Sasa zilizobaki zote zilikuwa zinafanya nini? Ukungu. Jamani ukungu! Sijui wamelishwa nini hawa watu lakini makala ya uvuvi haianzi mpaka ukungu utande juu ya maji. Halafu lazima awepo mzee fulani mwenye maneno machache ambaye ameyavua yale maji tangu utoto, halafu asubuhi nzima samaki wamenuna, halafu mtu anasema haya turushe mara ya mwisho twende zetu, na hapo hapo fimbo inapinda. Kila mwezi! Mpaka unajiuliza kwa nini wasianze na huo mrusho wa mwisho wakaokoa muda.

Sisemi majarida yote hovyo, na mimi mwenyewe nimeshaandika makala ya hivyo nitafika huko, ila kwa miaka niliyoyasoma na kuyabeba mpaka majini nimejifunza jinsi ya kuyasoma bila kudanganyika, na kwa anayetaka kuyaandikia nina mawili matatu pia.

Kwanza kabisa tafuta mahali mwandishi alipokosa. Mimi siku hizi nikifungua makala naruka ukungu wote natafuta pale anaposema tulijaribu hivi ikagoma, na nisipopaona nasoma picha tu naendelea na mambo yangu. Sababu ni hii. Mtu akiniambia tuliwapata kwenye kina cha mita tatu na nusu, amenipa namba ya siku yake na bwawa lake, mimi kwangu haina kazi. Ila akisema nilianza mita moja hakuna kitu, nikashuka mita saba hakuna hata kudonolewa, nikapanda taratibu mpaka nikaanza kuguswa kwenye tatu na nusu pembeni ya majani, huyo amenionyesha njia ya kutafuta. Tena akiwa anajua kazi yake ataongeza kwa nini, kwamba bwawa lenye kina wakati wa joto maji yake yanajipanga matabaka, ya juu moto, ya chini baridi, hayachanganyiki, na yale ya chini kabisa yanaweza kuishiwa oksijeni, kwa hiyo samaki anabanwa katikati hapawi pa kukimbilia. Ukishaelewa hivyo huhitaji tena namba ya mtu, unaenda kutafuta tabaka lako mwenyewe. Ile habari yote iko kwenye kukosa, na ndo hiyo hiyo wanayoikata kwanza.

Pili, akikupa sababu mwombe hesabu. Hapa nina kisa kirefu kidogo nivumilieni.

Kila mwaka lazima utoke waraka wa kanieneo ya hewa. Mgandamizo ukishuka samaki wanafanya hivi, ukipanda wanafanya vile, eti kwa sababu kibofu chao cha hewa kinahisi mabadiliko wanakosa raha wanaacha kula. Niliamini kabisa. Nilikuwa naangalia barometa kwenye simu kabla ya kuvaa viatu, na kuna siku nimebaki nyumbani kwa sababu ya namba. Nyumbani! Huku vifaa viko tayari mlangoni.

Halafu siku moja nikakaa nikapiga hesabu ambayo haihitaji usomi wowote. Milibari ndo kipimo cha kanieneo, na milibari moja ya hewa ni karibu sawa na uzito wa sentimita moja ya maji. Sasa dhoruba ya maana ipite, kanieneo ishuke milibari 20, hapo ni kushuka hasa, kwa samaki hiyo ni sawa na kupanda sentimita 20. Yaani samaki anayeinuka kidogo kudaka mdudu amepitia dhoruba nzima, na akirudi chini amepitia nyingine, na anafanya hivyo siku nzima hajawahi kulalamika. Simaanishi hali ya hewa haina maana, mawingu yanapunguza mwanga, upepo unavuruga uso wa maji, mvua inaleta maji ya matope na chakula ndani yake, na hivyo vyote vinatembea pamoja na barometa ndo maana wavuvi wanaona kitu kweli. Lakini hiyo stori ya kibofu inavyosimuliwa, mwandishi kaichukua kwa mwandishi wa kabla yake ambaye naye kaichukua kwa mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu akazidisha. Na mimi nimekaa nyumbani.

Tatu fungua ukurasa unaofuata uone kuna tangazo gani. Nilisoma kwamba mshipi wa fluorokaboni, aina ya plastiki, hauonekani majini, na neno lililotumika ni hauonekani, sio unaonekana kidogo. Nikaununua. Ukweli ni kwamba kila kitu kinachopitisha mwanga kina kipimo cha jinsi kinavyoupinda, maji ni 1.33, fluorokaboni ni 1.42, nailoni inapita 1.5, kwa hiyo ndiyo, fluorokaboni iko karibu zaidi na maji kuliko nailoni, lakini karibu sio sawasawa. Tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji uangalie, mimi nimefanya na nimeuona vizuri tu. Kinachokera zaidi ni kwamba hawakuniambia jambo la maana kweli, kwamba huo mshipi ni mzito, kama mara 1.78 ya maji wakati nailoni ni kama 1.14 tu, kwa hiyo unazama haraka. Mimi nikaufunga kwenye chambo bandia cha kuelea juu, kikawa kinavutwa pua chini kama mtu anasinzia, nikahisi chambo kibovu nikabadilisha vitatu. Makala ilikuwa ya kurasa tatu, ukurasa wa nne ni tangazo la mshipi. Unajumlisha mwenyewe.

Za picha nitasema kwa kifupi maana kila mtu anajua mchezo, mikono imenyooshwa mbele mpaka viwiko vinauma, samaki amekuwa mkubwa kuliko kifua cha aliyemshika. Angalia vidole. Kama vidole vilivyo mbele ya samaki ni vinene kama ndizi basi samaki naye punguza kwa kiasi hicho hicho. Na kama wametaja urefu, kuna kanuni ya zamani ya kukadiria uzito wa samaki mwenye umbo la trauti, samaki mwembamba wa maji ya baridi: urefu kwa inchi, zidisha na mzunguko wa tumbo mara mzunguko wa tumbo, gawanya kwa 800, jibu ni paundi. Nilisoma mahali trauti wa inchi 24 ameandikwa paundi 10. Ili hiyo itimie mzunguko wa tumbo unatakiwa uzidi inchi 18, huyo sio trauti huyo ni mtungi. Ni makadirio tu lakini yanatosha kukushtua.

Na hapa kuna kitu kinanifurahisha sana. Majarida haya haya yalikuwa na ukurasa mmoja mkweli kuliko yote, nao ni fomu ya mashindano. Mwaka 1932 kule Georgia, Marekani, kijana mmoja wa miaka 20 hivi anaitwa George Perry alivua bass wa paundi 22 na aunsi 4, akampeleka kupimwa kwenye mzani wa posta, akajaza habari zake kwenye mashindano ya jarida la Field & Stream akashinda, na samaki mwenyewe akaishia kuliwa na familia. Hilo jarida ndo lilikuwa linatunza rekodi za samaki wa maji yasiyo na chumvi mpaka 1978 kazi ikahamia kwa IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa ndoano. Mwaka 2009 Manabu Kurita akavua mwingine kwenye ziwa Biwa, Japani, mzito zaidi kwa chini ya aunsi moja, na kwa kuwa kanuni inadai umpite mwenzako kwa angalau aunsi mbili, wakaandikwa wote wawili sare. Yaani mtu kaleta samaki wa kilo kumi na kitu na bado anaambiwa hapana, aunsi hazijatosha. Halafu kurasa chache mbele kwenye jarida la aina hiyo hiyo unakuta "jitu la ajabu" bila hata kusema lilipimwa na nini. Ningekuwa mhariri ningewapa waandishi wote ile fomu waijaze kwanza ndo waanze habari za ukungu.

Sasa kwa mnaotaka kuandika. Mimi niliandika yangu ya kwanza nikaituma kwa jarida moja, ilikuwa inahusu wiki mbili nilizohangaika na kambare sehemu moja ya mto, nikakosa siku tisa, nikaeleza kila siku nilibadilisha nini, chubwi nzito, chubwi nyepesi, chambo kibichi, chambo kilichoanza kunuka, mchana, usiku, mpaka siku ya kumi nikagundua wanapita ukingo mmoja tu pale maji yanapochimba chini ya mizizi na wanapita giza likishaingia. Ilipotoka sikuitambua. Siku tisa zimekuwa sentensi moja, "baada ya subira ndefu". Kichwa cha habari kina neno siri. Na kwenye aya ya tatu, mahali nilipoandika nilitumia ndoano kubwa, sasa kuna jina la kampuni ya ndoano ambayo sijawahi kuishika maishani. Jina langu limewekwa juu kwa herufi kubwa. Nilifurahi kama mtoto nikawaonyesha watu, halafu usiku nikaisoma tena taratibu nikaona aibu, kwa sababu kama ningeipata mwenyewe kwenye yale maboksi na penseli yangu nisingepiga mstari hata mmoja.

Kwa hiyo tembea na kidaftari. Andika ukiwa bado majini, mikono inanuka chambo, maana ukifika nyumbani ukaoga kumbukumbu inaanza kupamba, saa mbili za kukaa bure zinageuka kuwa utulivu na yule samaki anaongezeka paundi mbili njiani. Andika saa, kina, maji yanatembea au yamelala, rangi yake, umerusha mara ngapi kabla ya kuguswa, na mguso wenyewe ulikuwaje, alivuta moja kwa moja au alikuwa anadonoa donoa kama anahesabu. Ukimpata na umekusudia kumla, mpasue tumbo uangalie alikuwa anakula nini. Kulikuwa na mwanasheria mmoja Uingereza, G.E.M. Skues, yeye alikuwa na kijiko chembamba kile cha kutolea uboho kwenye mifupa, anachota tumboni mwa trauti anaangalia. Wakati huo wakubwa wa uvuvi wa nzi bandia, yaani chambo kilichofungwa kifanane na mdudu, wafuasi wa mwandishi wa uvuvi Halford, walikuwa wanasema ungwana ni kuvua kwa nzi anayeelea juu tu, na yeye akionyesha matumbo yamejaa wadudu wachanga ambao hawajaota mbawa, walioliwa chini ya maji. Aliandika hayo kwenye majarida ya wavuvi kwa miaka na miaka, na mwaka 1938 klabu ya wavuvi London ikaitisha mdahalo kabisa juu ya jambo hilo, mzee ana miaka 79 bado anabishana. Ukimsoma unamkubali au unamkataa lakini unajua alichokiwaza kichwani na alichokiona tumboni ni vitu viwili tofauti, na wewe umeonyeshwa cha pili.

Lugha nayo ipunguzwe sukari. Samaki hapigani vita, sio adui, hana kisasi na wewe, ana ndoano mdomoni anataka kuondoka. Sema alikimbilia wapi. Alizama kwenye mawe, aliruka, alikuja upande wako mshipi ukalegea ukadhani umempoteza, hayo ndo ninayotaka kuyajua maana kesho ni mimi.

Wiki iliyopita nimetuma nyingine, jarida lingine. Ni siku moja tu, kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka giza, ina kila kitu nilichobadilisha na kwa nini, hakuna samaki hata mmoja mwanzo mpaka mwisho. Jana mhariri kajibu, mstari mmoja. Anauliza mbona sijaambatanisha picha ya samaki.