Barua kwa mwanangu: usiku mtulivu usiuamini

Matamba, Makete

Mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama rada za siku hizi zinatosha kuiona barafu, maana umepewa mkataba wa meli ya makontena inayokwenda Montreal, Kanada, kwa kupitia kisiwa cha Newfoundland. Nianze na barafu yenyewe. Asiyejua ilikotoka atakitazama tu kioo cha rada.

Siwa la barafu, yaani ule mlima wa barafu unaoelea, halizaliwi baharini. Ni theluji ya nchi kavu, na kwa njia yako hiyo ni ya Greenland. Mwaka hata mwaka huanguka juu ya nyingine, ya chini ikiminywa kama gunia la viazi lililo chini ya rundo ghalani, hewa ikitoka mpaka inakuwa barafu ngumu. Uzito wake huiteremsha polepole mabondeni, mto mzima wa barafu, hadi baharini. Huko ncha yake huelea, maji kujaa na kupwa huitikisa, nyufa hupanuka na pande humeguka. Mita moja ya ujazo ya barafu ina kilo 917 hivi, ya maji ya bahari 1,025. Kwa hiyo karibu sehemu tisa katika kumi za siwa zimo majini. Mkondo wa bahari wa Labrador ndio huyateremsha masiwa hadi Newfoundland, na msimu wake ni kuanzia Februari hadi Julai.

Sasa rada. Siwa kubwa utaliona. Nikuogopeshacho ni vile vipande vilivyomeguka, vyenye kimo kisichofika mita moja juu ya maji. Barafu hurudisha mawimbi ya rada hafifu kuliko chuma, na bahari ikichafuka kipande hicho hupotea kati ya alama za mawimbi, nacho kina makumi ya tani za kutoboa bamba la meli. Ukilipita siwa, pita upande upepo unakotoka, kwa sababu vipande vyake husukumwa upande wa pili. Usilikaribie, likiyeyuka chini hupinduka ghafla.

Usiku mtulivu usiuamini. Unakumbuka mwaka viazi vya kinyungu, shamba letu la bondeni, vilipoungua kwa baridi ya usiku? Babu yako alitazama nyota jioni, hakuna wingu, hakuna upepo, akasema tufunike miche kwa nyasi. Nikamjibu kumetulia, tulale. Asubuhi majani yalikuwa meusi kama yaliyopitishwa motoni. Marehemu hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Usiku wa Aprili 14, 1912 bahari ilikuwa shwari vivyo hivyo, tena bila mwezi. Chini ya siwa hapakuwa na povu la mawimbi la kulionyesha, na Titanic ilikwenda karibu maili 22 za baharini kwa saa, ingawa siku ile ile ilipokea maonyo ya barafu kwa redio. Saa 5 na dakika 40 usiku iligonga kwa ubavu, mabamba yakaachana. Ingeweza kuelea hata vyumba vinne vya mbele vikijaa maji; vilivyofunguka vilizidi hivyo. Saa 8 na dakika 20 ilikuwa chini, na watu zaidi ya 1,500.

Utaniambia katika utulivu rada huona vizuri zaidi. Ni kweli, ni macho ndiyo hupofuka. Tena meli Hans Hedtoft ya Denmark, Januari 30, 1959, ilikuwa na rada, ilikuwa mpya, na iligonga siwa katika dhoruba, si katika shwari. Wote 95 walipotea. Basi dhoruba nayo inaua, na neno langu la utulivu halitoshi. Hata hivyo siliachi.

Tangu 1914 kuna doria ya kimataifa ya barafu inayotangaza mpaka wa masiwa katika eneo hilo. Muulize nahodha kama huzunguka nje ya mpaka huo au hukata kati apate kuokoa mafuta. Muulize pia usiku wakikaribia huo mpaka anapunguza mwendo kiasi gani, na anaweka watu wangapi wa kutazama mbele.

Kuhusu kutia sahihi, nilikuwa nimeandika neno langu hapa, nikalifuta. Wewe ni mtu mzima. Niandikie tu mkataba unaanza mwezi gani.

Baba yako