Barua kwa mwanangu aliye Kolwezi: bia na kansa

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli bia inaleta kansa, maana wenzako wa kazini wanakucheka: eti lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ndiyo inayoua, bia ya kiwandani ni safi, na divai nyekundu ni dawa ya moyo.

Ni kweli, inaleta. Hayo ya wenzako ndiyo yanayosemwa hapa Katuba, Lubumbashi, pia, nami nimeyasikia tangu nikiwa muuguzi. Watu wanaogopa uchafu. Muuza lutuku anamimina kidogo kwenye kizibo, anawasha kiberiti, moto wa buluu unapanda, wateja wanaridhika: hii safi! Moto ule unaonyesha ukali tu. Hata methanoli, ile inayopofusha macho, huwaka. Lakini hilo la sumu ni shauri lingine. Kansa inatokana na alkoholi yenyewe, na alkoholi ya bia ya Simba, ya lutuku na ya divai ya padri ni ile ile.

Mwili unaigeuza kuwa asetaldehidi, nayo inaharibu vinasaba ndani ya seli. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka pombe kundi moja na tumbaku tangu 1988, kundi la vitu vinavyojulikana kuleta kansa. Watu wanataja ini tu. Kumbe kuna kinywa, koo, zoloto (panapotoka sauti), umio (njia ya chakula), utumbo mpana na, kwako wewe binti, matiti. Kwa matiti hatari huanza kupanda hata kwa kunywa kidogo, kwa kuwa pombe huongeza pia homoni ya estrojeni. Kusema "mimi silewi" hakukingi kitu.

Watakutajia babu aliyekunywa akafa kwa uzee. Sawa, si kila mnywaji anaugua. Ila unavyozidisha kunywa, hatari nayo inazidi. Hata Marekani, mganga mkuu wa serikali alipotoa tahadhari Januari 2025, alisema wanaolijua jambo hili hawafiki nusu ya watu.

Sasa hiyo chupa yako "moja" ya Jumamosi. Ile kubwa ya santilita 72, asilimia 5, ina karibu gramu 28 za alkoholi. Wafaransa huhesabu glasi moja kuwa gramu 10, kwa hiyo unakunywa karibu tatu. Ukiweza, acha. Ukishindwa, gawana na mwenzako.

Baba yako mdogo usimwambie neno. Anachanganya pombe na sigara, na kwa koo na kinywa hatari hizo mbili huzidishana. Nitaongea naye mwenyewe, asubuhi, kabla hajaenda nganda, kule baa.

Mama yako