Usianze na neno "bure": nilivyojifunza kuwaleta watu kwenye programu huria

Nikiri mapema tu, mi nilikuwa kero. Nilipoijua Linux, mfumo endeshi unaokaa kwenye kompyuta badala ya Windows na ambao ni programu huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza, sikuwa napumzika, ukifungua kompyuta mbele yangu lazima nikwambie kitu, kwani hiyo unaitumia ya nini, unajua leseni yake inakukataza nini, yaani mtu kaja kuomba nimsaidie kuprinti kurasa mbili anaondoka na hotuba nzima kuhusu Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huru, na mradi wake wa mfumo endeshi huru wa GNU alioutangaza 1983. Hakuna aliyehama kwa sababu ya hotuba zile. Hata mmoja.

Aliyenizindua ni shangazi yangu, na alinizindua kwa hasira. Laptopu yake ilikuwa inachukua muda mrefu kuwaka, nikamwambia niachie mpaka jioni, nikatunza mafaili yake pembeni (hapo angalau nilikuwa na akili) halafu nikafuta kila kitu nikaweka Linux Mint (toleo mojawapo la Linux), nikamrudishia huku naringa. Kuwaka iliwaka haraka kweli. Kesho yake kanipigia, printa haionekani, na ile programu yake ya mahesabu aliyoizoea miaka yote haipo, na haikuwa na toleo la Linux. Akaniambia, "Mwanangu, nilikuomba uifanye nyepesi, sikukuomba unihamishe nyumba." Nikarudisha Windows usiku uleule na kwa mwaka mzima nikitaja neno Linux ananiangalia tu.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, usianze na mfumo endeshi wa mtu. Anza na programu moja inayomtatulia shida aliyonayo leo. Akikwambia hivi vitu ni vya wataalamu, muulize video anaangalia kwa kutumia nini, mara nyingi utakuta ni VLC, ile yenye koni ya barabarani, iliyoanzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi Ufaransa na ikawekwa kwenye leseni huria 2001. Na simu yake kama ni ya Android basi ndani kuna kiini cha Linux (sehemu ya ndani inayoendesha vifaa vya mashine) kilekile alichokianzisha Linus Torvalds 1991. Kumbe yumo siku nyingi, hajui tu.

Sasa kuhusu hili neno bure. Waingereza wanahangaika kwa sababu wao huru na bure ni neno moja, "free", kila wakiongea lazima wajieleze. Sisi tunayo mawili, tuna bahati, ila bure yetu nayo ina mkia: kazi bure, umejisumbua bure, mtu bure kabisa. Nikisema programu hii ni bure nilikuwa naona kabisa uso wa mtu unabadilika, anajiuliza ina kasoro gani, au mwisho watamdai. Siku hizi bei naitaja mwishoni kabisa. Naanza na kitu kinachomuuma, kwa mfano yule anayetumia programu ya ofisi iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa leseni ili isilipiwe, kila baada ya muda inamletea onyo la leseni na yeye anarudi kutafuta kraki nyingine kwenye tovuti asizozijua. Huyo simwambii habari za uhuru. Namwambia ile kraki mwenyewe anaambiwa azime antivirasi ndo aiweke, sasa mtu usiyemjua akikwambia ufungue mlango ulale, utalala? Hapo ananisikiliza.

Ukishampa LibreOffice, programu huria ya ofisi, usikimbie, ndo kazi inaanza. Lalamiko la kwanza karibu kila mara ni lilelile, katuma barua na aliyeipokea kashindwa kuifungua kwenye simu. Sababu ni kwamba LibreOffice yenyewe inahifadhi kwa muundo wa ODT, ambao ni kiwango halali cha kimataifa tangu 2006 na mi naupenda, lakini huyu mtu anataka barua yake ifike, hataki kupigania viwango. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kufungua na kuhifadhi, weka docx (muundo wa Word ya Microsoft) iwe ndo ya kawaida, na umwoneshe ulivyofanya. La pili ni kurasa kuhama, barua ya ukurasa mmoja inakuwa ya kurasa mbili, mara nyingi ni fonti tu. Kama iliandikwa kwa Calibri na kwenye kompyuta yake haipo, hakikisha Carlito ipo, herufi zake zina upana uleule kwa hiyo mistari haisogei. Na faili la Excel lililojaa makro (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili) usiliahidi. Mwambie ukweli kwamba inawezekana likagoma, ukidanganya hapo hatakuamini tena hata kwenye mengine.

Linux yenyewe inakuja baadaye, na mara nyingi mtu anaiomba mwenyewe. Windows 10 ilipofika mwisho wa msaada wake wa kawaida 14 Oktoba 2025, watu wengi walikuwa na mashine nzima kabisa ambazo Windows 11 inazikataa kwa kukosa TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) au kwa sababu ya prosesa ya zamani. Hapo ushawishi hauhitajiki sana. Weka Linux kwenye fleshi, iwashe kutokea kwenye fleshi bila kugusa diski, mwachie mwenyewe ajaribu waifai, printa, sauti na kamera. Kisichofanya kazi kwenye fleshi usijipe moyo kwamba kitajirekebisha kikishainstoliwa. Na kabla hujagusa mipangilio ya kuwasha uliza kama diski imefungwa kwa usimbaji na ufunguo wa kuifungulia uko wapi, mi sikuuliza, rafiki yangu akawasha mashine ikamdai tarakimu 48 ambazo hakuwahi hata kujua zipo. Tulizipata kwenye akaunti yake baada ya saa tatu za jasho. Saa tatu!

Na mkaribishe achangie, sio lazima awe programa. Aliyeona neno limetafsiriwa vibaya anaweza kulirekebisha, aliyekutana na hitilafu anaweza kuiripoti vizuri, alifanya nini kwanza, ikatokea nini, toleo namba ngapi.

Shangazi bado yuko kwenye Windows, na printa yake ileile. Ila LibreOffice aliniomba mwenyewe, programu yake ya zamani ya ofisi ilipoanza kumdai malipo. Juzi nimemkuta kwenye simu anamwelekeza rafiki yake namna ya kubadilisha iwe inahifadhi docx. Jina alikuwa anakosea, anaiita "Libri", lakini hatua zote alizitaja sawasawa.